Bangili ya Nyaya Tatu

Protus alimwonea Aluka wivu hadi chakula kikamshinda. Wote wawili walifua bangili soko la Busia, mwaka wa sabini na nne. Protus alitengeneza za alumini kutoka sufuria mbovu, na zilikaa mezani zikishika vumbi. Aluka alikuwa amerudia kazi ya zamani: nyaya tatu za shaba zinapashwa moto, zinasokotwa pamoja, halafu zinapondwa polepole. Alibadilisha jambo moja tu. Zamani mhunzi aliifunga bangili kwa nyundo mkononi mwa mwenyewe, isitoke tena. Aluka aliacha mwanya, mwanamke wa mjini aivue akitaka.

Kilichomuuma Protus ni kwamba kazi hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake. Aluka alikuwa kibarua wake tu, wa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto.

"Wewe ulisema ni ushamba," Aluka alimwambia mbele ya watu. "Nimeokota ulichotupa, boss. Sasa unakitaka?"

Watu walicheka.

Jumamosi alikuja Benedetta, mwenye duka Nairobi, kuchukua mzigo wa Aluka. Protus alimkuta njiani.

"Mama, unajua hizo zilikuwa za nani? Alifungwa bangili hiyo mkononi mwanamke aliyemuua mumewe kwa sumu. Ili watu wamjue."

"Nani amesema?"

"Baba yangu ndiye alikuwa anazifunga."

Nani angebishana na mtoto wa mhunzi? Benedetta alirudi mikono mitupu. Habari ikafika Khunyangu, ikafika Malaba, na wanawake wakazivua.

Mmoja hakuweza. Roselida, mama yake Protus, alifungwa yake na mumewe siku ya harusi. Protus alikuwa ameiona kila siku hata akaacha kuiona. Kanisani, Jumapili iliyofuata, wanawake walihama benchi la mama huyo.

Alifika kibandani kwa mwanawe, akaweka mkono juu ya fuawe, chuma cha kupondea.

"Kata."

"Mama, yalikuwa maneno ya biashara tu."

"Baba yako alikufa kwa kifua. Wewe ndiye ulimshika kichwa hadi mwisho. Kata."

Protus akachukua msumeno wa chuma, akaikata huku na huku.

Aluka alihamia Malaba, akashona viatu. Benedetta hakuja tena. Za alumini zilibaki mezani. Bangili ya mwisho ya kazi ya baba yake Protus ikawa vipande viwili, na mama yake hakukanyaga tena kwake.