Vijidudu na Chupi ya Mwaringa

Daktari Kavata alisomea vijidudu vya udongoni mpaka akamaliza shahada zote, halafu akaja kushindwa na Gladys, mkulima wa nje kidogo ya Mambrui. Kila msimu alimwomba asichome mabua ya mahindi, ayaache yaoze yalishe udongo. Gladys alikuwa akikubali kwa kumstahi mgeni tu. Msimu huu akachoka.

"Mwanangu, waniambia shambani kwangu mna wafanyakazi mamilioni. Mimi sijamwona hata mmoja akiinama. Nionyeshe kwa macho yangu, la sivyo natia kiberiti."

Wakulima wengine wote ambao Kavata alikuwa akiwafuatilia walikwisharudia moto. Shamba la Gladys likichomwa, utafiti wake wote umekwisha, arudi maabara kuhesabu chupa. Akaamua kutumia jaribio ambalo wenzake hulicheka: kuzika chupi nyeupe ya pamba. Udongo ulio hai huila. Udongo uliochoka huirudisha nzima.

Alinunua mbili mpya za kiume sokoni Malindi. Moja akampa Jefwa, jirani anayechoma shamba kila mwaka, aizike kwake. Ya pili alitaka kuizika mwenyewe kwa Gladys, naye Gladys akaruka.

"Hata! Watu wapite wamwone mtoto wa kike wa watu azika chupi ya kiume shambani kwa mume wangu? Tutaambiwaje? Baba Ngowa, chukua, kazike mwenyewe."

Baba Ngowa, yaani Mwaringa mumewe, akaipokea, akaipapasa, akaenda nayo shambani peke yake. Hakuna aliyemfuata, mambo hayo mtu humwachia mwenyewe.

Mvua zilipokwisha, siku ya kufukua, majirani walijaa kama wamealikwa harusi. Jefwa akafukua yake. Nzima! Ungeifua ukaivaa. Akaipeperusha juu, maskini, akidhani ameshinda. Kavata akatabasamu, maana ndivyo alivyotarajia. Kisha Mwaringa, aliyeshikwa na kikohozi ghafla, akafukua ya pili. Nayo ikatoka nzima, imegeuka rangi ya udongo, ila ina tobo kubwa matakoni.

"Ndiyo hiyo tu?" Gladys akauliza. "Wafanyakazi mamilioni, kazi yao tobo moja?"

Akapeleka mkono kwenye pindo la leso, akatoa kiberiti. Kavata alihisi machozi yanakuja. Akaiokota ile chupi apate mahali pa kuyaficha macho yake, na vidole vyake vikateleza.

"Mama, hii si pamba," akasema. "Hii ni nailoni."

Macho yote yakamgeukia Mwaringa. Kikohozi kikazidi.

"Kumbe ni ya mzee mwenyewe!" Jefwa akapiga kofi. "Mama Ngowa, mumeo hutembea na dirisha?"

Hapo Gladys akapandwa na hasira kwelikweli. "Mume wangu havai nguo tobo! Hapo palikuwa na kiraka. Nimekishona mimi, cha kanga yangu kuukuu, kwa uzi wa..."

Akaitazama tena ile chupi.

"Kanga ya pamba, mama?" Kavata akauliza.

"Pamba tupu. Na uzi pia."

"Kiko wapi?"

Gladys akaishika ile nguo. Tobo lilikuwa la pembe nne, vitundu vya sindano vimelizunguka, lakini uzi haukuwapo, wala kipande cha kanga. Akainama shimoni, akapekua udongo kwa vidole. Ulikuwa mweusi, laini, hauna hata unyuzi mmoja.

"Wamekula kiraka changu," akasema polepole. "Wamekula na uzi. Nailoni wameisusa."

Kavata akalia, safari hii kwa furaha, mbele ya kadamnasi nzima, wala hakujifuta.

Gladys akakirudisha kiberiti, kisha akamgeukia mumewe. "Na ile ya daktari?"

"Ilikuwa mpya, Mama Ngowa. Kuizika ni israfu."

"Nauliza, iko wapi?"

Mwaringa akajitazama kiunoni, akaweka mkono kwenye mkanda.

Gladys akamkabidhi Kavata jembe. "Mabua yangu yasiguswe na mtu. Nawe chimba tena, mwanangu, papo hapo. Baba Ngowa yuaenda kuvua."