Aliyehudumiwa Kabla ya Kufika

Kila siku saa mbili asubuhi, karani wa mapokezi wa zahanati ya wazazi aliwasha kompyuta, akatazama simu yake, akaandika tarehe na saa. Betri ya saa ya kompyuta hiyo, ndogo kama kifungo cha koti, ilikufa zamani, na kila ikizimwa iliamka ikidhani ni Januari mosi, miaka tisa nyuma.

Mwezi Juni umeme ulikatika wakati mama mjamzito, mke wa fundi magodoro, yuko benchini tangu asubuhi. Uliporudi, karani alisahau kurekebisha saa. Daktari alimfikia jioni, mama na mtoto wote wameshakufa. Kamati ya kuchunguza vifo hivyo ikasoma kumbukumbu za kompyuta, ikaamua kwamba marehemu alihudumiwa miaka tisa kabla ya kufika, kwa hiyo hakucheleweshwa. Karani alisema mashine haina betri. Mwenyekiti akamwambia hakuulizwa hilo.

Jumatatu iliyofuata, kompyuta ilipowaka, yule mama alikuwa benchini, ameshika kiuno. Kwa hesabu ya mashine alikuwa hajafa.

"Za asubuhi, dada. Mimi ndiye wa kwanza leo?"

"Wa kwanza, mdogo wangu."

Karani akarekebisha saa, benchi likabaki tupu.

Alimpelekea habari fundi, mume wa yule mama. Kesho yake fundi alikuja na mto, akamwekea mkewe mgongoni.

"Dada, usiharakishe," alimwomba karani.

Karani aliwapa dakika tano. Wiki ya pili akawapa nusu saa, baadaye saa nzima na zaidi, na wagonjwa wengine akawaandika kwenye daftari. Mke na mume walibishania jina la mtoto, mume akashindwa kama kawaida yake.

Alhamisi moja mwanamke aliingia akimkokota mdogo wake, uchungu umembana.

"Tuandike haraka! Damu inamtoka!"

Karani alitazama kioo cha kompyuta: Januari mosi. Vidole vikagoma.

"Rekebisha, dada," alisema mama wa benchini. "Mwandikie saa ya kweli."

Fundi aliushika mkono wa mkewe. Karani akaandika saa tatu na dakika kumi na mbili, na fundi akabaki ameshika hewa. Akasogea, akawapisha wageni.

"Daktari yupo?" dada mtu aliuliza.

"Anakuja," alisema karani.

Saa nane mchana daktari alikuwa bado anakuja.