Punguzo la Kiyoyozi

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alilipata siku alipofungua redio ya jirani ikiwa bubu, akaifunga ikiwa bado bubu, na skrubu moja ikambakia mkononi. Alisema hiyo ilikuwa ya ziada, kiwanda kilikosea. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, jina likaganda. Aliyecheka kuliko wote alikuwa dada yake, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi.

Safari hii Sindano hakucheka. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yao, futi ya kupimia nguo shingoni, macho ukutani. Pale kilipokuwa kiyoyozi palikuwa na tundu la mraba, na kwenye tundu ametua shomoro, anakitazama chumba kama mpangaji anayetafuta dosari ili apunguziwe kodi.

"Kiko wapi?"

"Nimekutua mzigo, Dada." Injinia alikuwa anajifuta vumbi la saruji, uso umekunjuka kwa furaha. "Si ulisema mafundi wa shirika wakikishusha wanatoza ada? Nimekishusha mwenyewe. Tena nimewauzia wale wa chuma chakavu. Hela hii hapa, usije ukasema sina faida."

"Umekishusha kabla mkaguzi hajaja?"

"Mkaguzi gani?"

Sindano aliketi juu ya kitanda, karibu na miguu ya mama yake.

Mama yao aliwahi kuungua. Zamani, jiko la mafuta lilimlipukia, moto ukampitia mgongo, mabega na mapaja. Ngozi ilipona, ikawa laini inayong'aa kama karatasi ya peremende, lakini ikasahau kutoa jasho. Joto likiingia mwilini mwake halina pa kutokea. Daktari alimwambia Sindano bila kuzungukazunguka: chumba kisipopoa, mama yenu ataiva kwa ndani. Na waliwahi kuliona hilo, siku umeme ulipokatika: bibi wa watu alianza kuzungumza na marehemu mumewe na kumtuma chumvi.

Kiyoyozi cha zamani kilikuwa kinakohoa na kula umeme kama mgeni asiyeaga. Ndipo shirika la umeme lilipotangaza mpango wake. Ukiwa na kiyoyozi kikuukuu kinachofanya kazi, unapewa kipya kisicho mlafi. Theluthi ya bei inafutwa, iliyobaki inakatwa kidogo kidogo kwenye bili kwa miaka miwili, bila riba. Dukani nako walikopesha, lakini Sindano alipoipigia hesabu riba yao kwa chaki ya kushonea, aliona ingetosha kununua kiyoyozi cha pili, cha kupoza hasira zake. Mpango wa shirika ulikuwa ndiyo njia pekee. Ila sharti: mkaguzi akikute kiko ukutani, kinanguruma. Tangazo lilisema hivyo waziwazi. Injinia alilisoma hadi kwenye neno "ada", akatosheka.

Walikimbilia kwa wauza chuma chakavu. Walikuta kiyoyozi kimepasuliwa kama samaki, shaba imeshatolewa, maganda yako chini.

"Mkaguzi anakuja lini?" Injinia aliuliza wakiwa njiani kurudi, sauti imemshuka.

"Kesho asubuhi."

Nyumbani walimfunika mama shuka mbichi, wakamwelekezea feni. Feni ikawa inampelekea joto lile lile, ila kwa kasi.

"Dada," Injinia alisema. "Yule kinyozi wa pale kona ana kiyoyozi kama chetu. Pacha kabisa. Mkaguzi anakijua chetu kwa sura?"

"Ukizaliwa tena, uzaliwe na breki."

Lakini Sindano alikuwa ameshavaa ndala.

Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja chini ya kile kiyoyozi, na benchi lilikuwa limejaa watu ambao nusu yao hawakuwa na nywele za kunyoa. Walifuata baridi.

"Sindano! Umekuja kunyolewa ulimi?"

"Nimekuja kuazima kiyoyozi."

"Watu huazima chumvi, mama."

Alimvuta pembeni akamweleza yote, mpaka uongo uliokusudiwa. Kinyozi alijikuna kidevu. "Kesho watu wanapokea mishahara. Vichwa vyote vya mtaa vinakuja. Wakikuta joto hapa, wanahamia kwa yule kinyozi mwingine mwenye duka la vioo."

"Adhuhuri kitakuwa kimesharudi. Ni kwa ajili ya Mama."

Kinyozi alizima mashine ya kunyolea. Kwenye benchi mtu alilalamika, kinyozi akamwambia kichwa chake kimesubiri tangu kizaliwe, kitasubiri kidogo. Kisha akamgeukia Sindano. "Chukueni. Ila kikirudi na mkwaruzo mmoja, wewe nakunyoa upara, na nduguyo namnyoa masikio."

Mkaguzi alikuwa mtu mpole wa miwani, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisogeza kipimajoto mbele ya kiyoyozi cha kinyozi, kilichopachikwa usiku kwenye lile tundu, akasubiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mmekitunza."

"Sisi ni watu wa matunzo," alisema Injinia, na dada yake akamkanyaga.

"Mbona leo hakikohoi?" aliuliza mama kutoka kitandani.

"Kimepona, Mama."

Mkaguzi aliandika, kisha akafungua begi lake la pili. Akatoa mtungi mdogo wa kunyonyea gesi, halafu drili.

Sindano aliivua futi shingoni. "Hiyo ya nini?"

"Ya kukitoboa, dada. Hatuviachi vizima. Tukiviacha vinauzwa, vinakwenda ukutani kwa mtu mwingine, umeme unaliwa vile vile. Tunavimaliza hapa hapa, mbele ya mwenyewe. Kipya kiko kwenye gari, mafundi wangu wanakifunga leo leo." Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema, na kweli zilikuwa habari njema. "Nahitaji tu utamke kwamba ni chako na umeridhia."

Injinia alifungua mdomo. Dada yake akamkanyaga tena kabla neno halijatoka.

Sindano alimtazama mama yake. Shingo ilikuwa kavu, na mshipa ulikuwa unapiga chini ya ile ngozi ya karatasi. Nje palikuwa na gari, na ndani ya gari baridi ya miaka. Kule kona palikuwa na mtu ambaye angeweza kusema hapana na hakusema. Angesema sasa, sentensi moja tu, mkaguzi angefunga begi lake, na jina lao lingefutwa kwenye mpango.

"Ni changu," akasema. "Kitoboe."

Kinyozi alikuja mchana na mkokoteni wake, aproni bado kiunoni. Alikuta kiyoyozi chake kimelala uani, tumboni tundu. Alianza kwa kucheka, akidhani ni michezo ya Injinia. Halafu akamtazama Sindano usoni, kicheko kikamkauka.

"Nimshitaki nani?" alisema mwishowe. "Nami nilijua mnakwenda kudanganya."

"Tutakulipa."

"Kwa kitu gani? Kwa vifungo?"

Aliingia chumbani kumsalimu mama, maana adabu ni adabu hata mtu akiwa amekasirika. Kiyoyozi kipya kilikuwa kimeshafungwa, cheupe, kimya, kinapumua kama mtoto aliyeshiba. Kinyozi alisimama chini yake, macho amefumba.

"Baridi tamu hii," alisema. "Basi mpaka mtakaponilipa, nitanyolea hapa."

Wakadhani anatania. Kesho yake alihamia na kiti chake, kioo, na benchi.

Jambo ambalo Sindano hakulitarajia ni kwamba mama alifurahi. Tangu kuungua alikuwa anajifunika hadi kidevuni, na wageni walikuwa wanaona tabu pa kuweka macho. Wateja wa kinyozi hawakuona tabu. Walikuwa wanajitazama wenyewe kwenye kioo. Walimwamkia, wakamsimulia za mabosi na mawifi, naye akawa hakimu wa vichwa.

"Huyo mpunguzie nyuma, anafanana na jogoo aliyekosana na mwenye nyumba."

"Shikamoo, Mama, umeniua!"

"Marahaba, mwanangu. Heri ufe umenyolewa."

Chumba kizima kikacheka. Sindano, kwenye cherehani yake chumba cha pili, alisikia sauti ya mama yake ikiwa juu ya zote, akajiambia labda Mungu ameupindua uongo ukawa kheri.

Ila mlango. Huyu anaingia, yule anatoka, wa tatu anachungulia kuuliza foleni, wa nne anauegemea akizungumza na simu. Kiyoyozi kipya, kilichotengenezwa kwa chumba cha mgonjwa mmoja, kilianza kunguruma. Injinia aliandika kibao, "Funga mlango, baridi si ya baba yako," watu wakakisoma, wakacheka, wakauacha wazi. Sindano aliona. Kila alipotaka kusema, alikikumbuka kiti cha kinyozi na sababu ya kuwa pale, akarudi kushona.

Hadi siku moja ya jua kali, aliposikia kicheko cha wanaume bila sauti ya mama ndani yake.

Alipenya katikati ya magoti yao. Mama alikuwa ameketi, macho wazi, anatabasamu. Mteja alikuwa anamuuliza kuhusu ndevu zake, naye anajibu kuhusu mbuzi. Sindano alimwekea kiganja mgongoni, akakiondoa haraka. Alikuwa wa moto kama pasi.

"Tokeni! Tokeni wote!"

"Dada, mimi nimenyolewa nusu..."

"Toka na nusu yako!"

Injinia alileta ndoo, wakamlowesha mama shuka baada ya shuka, wakafunga mlango, mmoja anapepea kwa aproni ya kinyozi, mwingine anamlaza ubavu. Injinia alikuwa analia bila kujificha, makamasi na yote. Polepole mshipa wa shingo ulitulia. Mama aliomba maji, akauliza kwa nini wanamwogesha mchana.

Kinyozi alikuwa uani, mashine bado mkononi, kando yake yule mteja wa nusu kichwa.

"Sindano, sikujua."

"Mimi nilijua," Sindano alisema.

Alikuwa na mashine mbili: cherehani, na ile ya kufungia pindo, overloki, iliyokuwa inamletea sare za wanafunzi na nusu ya riziki yake. Aliiuza hiyo. Akamnunulia kinyozi kiyoyozi kilichotumika, cha aina ile ile, na Injinia akakipeleka kwa mkokoteni bila kugusa skrubu hata moja. Kinyozi alikipokea kwa mikono miwili. Hakutoa utani. Ilikuwa afadhali angetoa.

Njiani kurudi Injinia aliuliza, "Kwa hiyo jumla tumeokoa kiasi gani?"

"Ada ya kukishusha," Sindano alijibu. "Bei ya kipya bado inakatwa kwenye bili miaka miwili. Na overloki sina."

Hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa inachekesha.

Chumba cha mama sasa kimepoa barabara. Sakafu haina nywele, kiyoyozi kimerudia kupumua kama mtoto. Sindano aliingia na uji, akamkuta mama anautazama mlango.

"Wale watu wamekwenda wapi?"

"Wamerudi kule kona, dukani kwa kinyozi, Mama."

"Nimewaudhi?"

"Hapana. Wewe hujamuudhi mtu."

Mama alikunywa uji vijiko viwili, akausogeza. "Ukitoka, acha mlango wazi kidogo. Nisikie hata wapita njia."

"Joto litaingia."

"Liingie kidogo."

"Mama, karibu likuue."

"Najua. Nilikuwepo." Alivuta shuka hadi kidevuni, kama zamani. "Siku ile nilikuwa nacheka, binti yangu. Sikuwa nasikia chochote kinachouma."

Sindano alichukua bakuli, akasimama ameshika kitasa. Kutoka barabarani zilikuja sauti za watu wakibishana kuhusu bei ya nyanya, na mama aliinua shingo kidogo kuzifuata. Baridi ilikuwa inatoka, alikuwa anaihisi inampita miguuni.

Akaufunga.

Alibaki hapo nje, bakuli mkononi, akisubiri mama amwite, amgombeze, aseme lolote.