Gari Lisilotaka Frii

Oluoch alikuwa na sifa moja tu mjini, na aliilinda kama mboni ya jicho: pale steji ya Kawangware 56 hapakuwa na dereva aliyejua kubania mafuta kumshinda. Ujanja wake haukuwa siri. Akifika mteremkoni alitoa gia, akaweka frii, akaliacha gari lishuke lenyewe. Kwenye jam ya magari, frii. Akikaribia matuta, frii. Abiria waliogopa, naye akawacheka. Kwa teksi kuukuu ya Mzee Kagiri, ujanja huo ulimlisha yeye na mkewe Seline miaka na miaka.

Kisha teksi ile ikafa injini. Mzee Kagiri, mwenye ploti za kupangisha kule Gatina, akanunua haibridi ndogo iliyokwisha kutumika Japani, ile aina inayokwenda kwa petroli na betri. Aliinunua bila kuiamini, kwa sababu wenzake wa kanisani walishamjaza maneno kwamba hainywi mafuta.

"Jaribu wiki moja, Oluoch," alisema akimpa ufunguo. "Kazi ya kila siku, vile umezoea. Ikibania mafuta kama wanavyosema, utabaki nayo. Isipobania nauza, na hii maneno ya teksi iishe. Nitajenga vyumba."

Oluoch aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Kazi nyingine hakuwa nayo, na umri wa kubeba mawe mjengoni ulishampita. Halafu kulikuwa na Seline. Figo zake zilikuwa zimeharibika, ikabidi awe anapelekwa hospitali kusafishwa damu, na miguu yake iliyovimba haikuiweza tena safari ya kutoka mtaa wa Raila, kule Kibera walikoishi. Mzee alijua kwamba gari lake ndilo lililompeleka, na hakuwahi kukataza.

Siku ya kwanza liliondoka bila sauti. Seline, aliyekaa nyuma na leso magotoni, akauliza kama kweli limewaka. Wakacheka wote wawili, na ilikuwa zamani tangu wacheke pamoja.

"Mama Awiti, hapa tumefika," alisema Oluoch. "Hii ndiyo itatuzeesha."

Maskini, akaliendesha kwa ustadi wake wote. Frii kwenye kila mteremko, frii kwenye kila jam, huku kiyoyozi kikipuliza kwa ajili ya mgonjwa. Kufika katikati ya wiki, alama ya betri kwenye dashibodi ilikuwa inashuka hadi chini, na kila aliporudisha gia injini ilinguruma kama iliyokasirika. Mafuta yakaenda mbio. Oluoch akaingiwa na hofu, na dawa aliyoijua ni moja tu. Akaongeza frii.

Siku ya mwisho jam iliwashika wakitoka hospitali. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, gari likazima, likakataa katakata kuwaka tena. Wakapigiwa honi kutoka nyuma. Ilibidi Seline, hoi baada ya kusafishwa damu, ashuke akae juu ya jiwe kando ya barabara wakati wapita njia wakisukuma. Hakulalamika hata kidogo, na hilo lilimuuma Oluoch kuliko honi zote.

Gari lilivutwa hadi Gatina, kwenye gereji ya fundi Khamala. Alichomeka kompyuta yake, akasoma, akainua macho.

"Mzae, umekuwa ukiweka frii?"

"Kila mahali. Si ndiyo kubania mafuta?"

"Wacha! Hii gari ikishuka mlima ikiwa kwa gia ndiyo inachaji betri. Kwa frii haichaji kitu. Umeinyima chakula wiki mzima. Gari iko fiti, nikiichaji kidogo itawaka saa hii. Shida ni wewe."

Hakusema kwa ubaya, lakini Oluoch aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Alimkuta Mzee Kagiri getini kwake. Habari za kusukumwa zilikuwa zimeshamfikia.

"Hiyo gari ni takataka," alisema Mzee. "Kesho nauza."

Oluoch angeweza kunyamaza. Kazi ingekwisha, lakini jina lake lingebaki safi. Akaifikiria miguu ya Seline, akaona bora aibu. Akasema yote: frii, betri, maneno ya Khamala. "Nipe wiki ingine, Mzee. Sasa nimejua."

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ukalainika, na moyo wa Oluoch ukapanda.

"Kumbe gari haina makosa," alisema Mzee. "Asante kwa kunieleza. Ningepata hasara ya bure. Basi siuzi tena." Akanyoosha mkono apewe ufunguo. "Itaendeshwa na binti yangu, Becky. Yeye hajazoea hizo frii zenu. Wewe umezeeka nazo, Oluoch, na sikulaumu."

Seline alikuwa akimngoja kwenye benchi nje ya duka lililo karibu na geti la Mzee.

"Baba Awiti, amesemaje?"

"Amesema gari ni nzuri."

Seline alitabasamu. Akajiinua kwa kushika ukuta, akaweka leso begani, akaangaza macho huku na huku akilitafuta gari.