Ukoka juu ya Jengo la Wajerumani

Asubuhi ya Jumanne moja ya Mei 1954, Othmani Mrisho alipanda ngazi za jengo la kale la Wajerumani mjini Iringa, akakuta ukoka wote alioutandika juu ya paa umeng'olewa. Haukuliwa na mbuzi wala haukutawanywa na upepo. Ulikuwa umekung'utwa udongo, ukafungwa matita, na matita yakapangwa mstari mmoja kando ya ngazi. Paa lenyewe lilikuwa limefagiliwa.

Othmani alisimama na ramani mkononi, asijue amkasirikie nani. Alikuwa mtu wa Mbeya, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, na kazi ya bustani alijifunza chuoni. Ramani yake ilikuwa na sehemu mbili: mtaani, mijakaranda kumi na minne mbele ya jengo; na juu ya paa bapa, uwanja wa majani wenye viti vya kupumzikia. Jumamosi mkubwa wa jimbo angefika kutoka Mbeya kukagua. Akiridhika, Othmani angekabidhiwa mitaa ya Mbeya aipange. Asiporidhika, angerudishwa Rujewa kwenye mifereji ya mpunga, kazi aliyokwisha kuichoka.

"Bwana Kalinga, nani alipanda huku?" alimwuliza msimamizi wa vibarua.

"Ngazi ni za watu wote, Bwana Othmani."

"Mbona vibarua wanacheka?"

"Hao? Hao hucheka kila Jumanne."

Wakautandika upya. Jumatano, matita tena, safari hii yamefungwa vizuri zaidi. Othmani aliwashuku ndege, kisha akaona haya, maana ndege hawafungi matita. Akamshuku Yunusu, fundi cherehani wa barazani, aliyelalamika kuwa maji ya bustani yanamdondokea vitambaani. Yunusu akaapa kwamba magoti yake hayajapanda ngazi yoyote tangu Ramadhani ya mwaka jana.

Alhamisi Othmani alifika kunapambazuka. Juu ya paa alimkuta Lea, mama mtu mzima aliyefagia jengo hilo, amepiga magoti, kijembe mkononi. Mama huyo hakushtuka hata kidogo.

"Kamwene, mwanangu. Shika upande ule, nimechelewa."

"Mama Lea! Kumbe ni wewe?"

"Ulitaka awe nani? Mfagizi si mimi?"

Lea, kama Wahehe wengi wa rika lake, alizaliwa ndani ya tembe, nyumba ndefu yenye paa bapa la udongo. Aliweka kijembe chini akamweleza taratibu.

"Nyumba ikiota majani juu, mpita njia anajua mwenyewe amekufa, na hakuna mwanamke ndani wa kuyang'oa. Wewe unaita mgeni kutoka Mbeya, halafu unamwonyesha msiba?"

"Lakini mama, nimeyapanda mimi. Kwa makusudi."

Lea alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Ndiyo maana sikukusema kwa wakubwa."

Kalinga, aliyekuwa amefika, aliinamisha kichwa. "Sisi tulidhani unajua. Tukasema labda chuoni wanafundisha hivyo."

Othmani aliketi ukutani. Akimtaja Lea kwa wakubwa, mama huyo angefukuzwa siku hiyohiyo, na ukoka ungepata siku mbili za kushika. Aliikunja ramani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama, paa la nyumba yenye watu hai huwaje?"

"Limefagiliwa. Lina mahindi yanayokauka, maboga na mkeka."

Siku ile ukoka uliteremshwa ukapandwa chini ya mijakaranda.

Jumamosi mkubwa wa jimbo alipanda na nakala ya ramani. Aliigeuza juu chini, kisha akairudisha.

"Uwanja wa majani uko wapi?"

"Uko mtaani, bwana. Huku juu kuna watu."

Mgeni aliyatazama maboga. Akamtazama Lea, aliyekuwa mkekani akipukuchua mahindi, naye Lea akamsalimu bila kuinuka. Mgeni akaegemea ukuta, akauangalia mtaa kwa muda mrefu.

"Mtaa umenyooka," alisema. "Huku juu sikuelewa."

"Hata mimi, bwana, nilielewa juzi tu."

"Utaanza Mbeya mwezi wa Julai. Mitaa peke yake. Mapaa uyaache."

Akaikunja ramani vibaya, akaitia mfukoni, akashuka. Othmani alibaki hajui kama amesifiwa au amekaripiwa. Aligeuka amwulize Kalinga, lakini Kalinga alikuwa tayari anagombana na Lea juu ya nani atayateremsha maboga.