Chai kwa Mama Orpah

Matembezi yale aliyapanga Nyamoita peke yake. Walimu wenzake wawili, Tryphosa na Lavender, walitaka kupumzika likizo ya Agosti, lakini si mahali pa kelele. Akawachagulia njia ya juu ya mgongo wa mlima wa Manga: mwendo wa taratibu, na chai kwenye nyumba za watu anaowajua. Goti lake lilikuwa bado halijapona tangu ajali, na Lavender ana pumu. Huko juu hapakuwa na mahali pengine pa kulala ila kwa Mama Orpah, mjane aliyekubali kuahirisha safari ya kwenda kumwona bintiye huko Magwagwa ili awapokee.

Asubuhi ya safari walikutana stendi ya Kisii. Tryphosa alimtazama Nyamoita kuanzia kichwani, macho yakatua kwenye goti.

"Mwalimu, wewe baki," alisema. "Tukikungoja tutafika kesho. Tutakuletea picha."

"Lakini yeye ndiye aliyepanga," Lavender akasema. "Twende polepole sote."

"Kilema hapandi mlima, Lavender. Tusidanganyane."

Watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Nyamoita alitabasamu, akawatakia safari njema, akarudi nyumbani akichechemea. Hakulia. Alikaa kitandani na viatu vyake vipya miguuni, kisha akampigia simu Mama Orpah.

"Mama, wageni hawaji tena. Nenda tu kwa binti yako."

"Una hakika, mwanangu? Nimeshachemsha maziwa."

"Nina hakika, mama. Pole kwa usumbufu."

Alasiri mvua ya mawe ilipiga. Simu ya Nyamoita ikaita; ilikuwa Lavender. Aliitazama hadi ikanyamaza. Ikaita tena. Aliizima, akatia majani kwenye sufuria na kujitengenezea chai.

Kesho yake alisikia habari sokoni. Wenzake walikuta mlango wa Mama Orpah umefungwa kwa kufuli, wakasimama chini ya ukingo wa paa wakilowa. Tryphosa alipochoka na baridi, alisema anashuka kutafuta msaada, akapata boda boda barabarani na kwenda zake mjini. Lavender aliokotwa na wachuma chai, midomo imegeuka rangi, dawa yake ya kuvuta imeisha.

Nyamoita alikwenda hospitalini na chupa ya chai. Lavender alikuwa na mpira wa oksijeni puani. Alimshika mkono.

"Afadhali hukuja, dada," alisema kwa shida. "Goti lako lingekufa kule. Nilikupigia, nilifikiri utajua pa kumpata yule mama."

"Simu ilikuwa imeisha chaji."

"Kwa nini mama yule atufanyie hivyo? Tulimkosea nini?"

Nyamoita alimmiminia chai, akampulizia ipoe.

"Sijui," alisema. "Wajane wengine wana roho mbaya. Nitamwambia kila mtu asifikie kwake tena."

Lavender akamshukuru. Nyamoita akamshikia kikombe mpaka akamaliza.