Karatasi Imenenepa

...imenenepa maradufu, Nelson ameandika kutoka maabara, ile karatasi yako ya kaboni tumeipima leo, dada, imenenepa maradufu, na mimi nimechutama nyuma ya mgomba na ndoo yangu, kwa sababu baba mkwe amesimama njiani na mzee Andongwisye, na huku Ikuti mkamwana haonani na baba mkwe wala hatoi sauti akasikika, awe na shahada asiwe nayo... "Ndaga fijo, asante sana, na yule ng'ombe je?"... maradufu, Mungu wangu, ioni, chembe yenye umeme, inaingia kwenye karatasi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, inaingia imetulia, inatoka imesisimka, inang'aa huku inakimbia mpaka mwanga unazimika, unapima umbali, unagawa kwa mwendo, unapata muda wa mng'ao, kazi ya mtoto, ila mwendo niliupigia hesabu ya karatasi mpya na yangu ilikuwa kuukuu, imepigwa na ioni siku tatu, imejaa masizi ya mafuta ya pampu, ioni zilitoka zimepunguza mbio na mimi sikujua, muda wangu ukawa mfupi, wa Siham, mwenzangu wa maabara, mrefu, ndio wa kweli... "Amezaa, jike!"... karatasi mpya nilizitunza kama mama alivyotunza sahani za wageni kabatini, sisi tunakula kwenye sahani za bati, na Siham alipochukua mpya nikamgombeza, mbadhirifu wewe, akasema dada Atupele, ya zamani hainenepi kweli? nikacheka, nilicheka mimi, nikamwambia profesa huyu binti hajui kupima, wakamtoa kwenye mradi, akarudi Tukuyu dukani kwa baba yake, na jana, jana tu, nimenunua kitenge kwake, akakinyoosha kwenye rula ya mbao, akakirudia, akasema nimepima mara mbili, dada, nikadhani ananitania, nikamwomba anipunguzie bei, aibu gani hii, nimemharibia mtu maisha halafu nampunguzisha bei... "Basi njoo umwone"... ondokeni, wazee wangu, nawaomba, hawaondoki, Nelson anauliza tukae kimya au tuseme, hakuna mwingine aliyeipima, kimya, ningeweza, kimya nimefunzwa vizuri hapa... kidole kimeshabonyeza jina la Siham, simu inaita, baba mkwe yuko hatua nne, naona gambuti zake kati ya majani, inaita...

"Haloo, dada Atupele? Kitenge kimepungua?"

...gambuti hazijasogea, nami nafungua kinywa, "Hapana, Siham, wewe ulipima sawa," kwa sauti yangu yote.